Mafungo ya Benchini

Jumapili, tarehe 2

Askofu ametuagiza mapadre wote tuandike shajara ya mafungo, zile wiki mbili za kujitenga na kusali. Mwaka jana niliandika mistari sita, minne ikihusu chakula. Mwaka huu nina jambo ambalo sina wa kumwambia, kwa hiyo acha niliseme hapa mara moja, nisijizungushe. Leo nimeruka mageuzo.

Jumapili zangu huwa na Misa nne: ya kwanza parokiani alfajiri, kisha vigango vitatu vya vijijini, kwa pikipiki, na siku hizi matope mpaka magotini. Kwenye kigango cha pili tuliimba "Mtakatifu", watu wakapiga magoti, nami nikafungua mikono nikawaalika tusali Baba Yetu. Wakanitazama. Wachache wenye heshima zao wakaanza kusali kweli. Katekista akapanda altareni taratibu kama mtu anayekuja kunyoosha mshumaa, akaniinamia sikioni na kuniambia, "Padre, mageuzo bado."

Mkate ulikuwa mbele yangu, bado haujageuzwa, mkate tu, na divai ni divai tu. Ningewapanga mstari wale watu waliotembea kwenye mvua, nikawapa mkate mtupu na kuwaambia ni Mwili wa Kristo, nao wangeitika Amina. Nikarudi nyuma, nikafanya yote yanavyotakiwa. Kwenye kigango cha mwisho nikawa mwangalifu mpaka nikapitiliza: nilimaliza maneno ya kikombe, nikaanza kuyasema upya. Katekista wa huko alikohoa sana, maskini, mpaka nikaelewa.

Baba yetu mzazi alianza hivi hivi. Alikuwa karani wa posta, kila sanduku la barua akilijua kwa namba. Akaanza kutia sukari mara mbili kwenye chai. Kisha akawa anauliza kama ameshakula. Mwishowe aliniuliza mimi, mwanawe, nimetoka kwa nani. Alipoanza alikuwa na umri huu nilionao, labda na miaka miwili juu.

Nimekata kauli. Mafungo yakiisha kila mmoja wetu anaonana na Askofu ana kwa ana. Nitamwomba aniondoe altareni kabla sijafanya kubwa zaidi. Naogopa, na sijui nifanye nini na miaka yangu kama si hii kazi.

Jumatatu, tarehe 3

Nyumba ya mafungo imejaa maji. Aliyekwenda kuiona anasema magodoro yanaelea na vitabu vya kapela vimevimba kama mikate. Kwa hiyo Askofu amekuja na mpya: mafungo tufanyie mjini. Kila siku tuende kanisa tofauti, tuvae nguo za kawaida, tukae benchini, tusikilize Misa kama watu wengine, tusiadhimishe. Alisema tumekaa upande ule wa altare muda mrefu mno mpaka tumesahau upande huu una nini. Padre wa parokia jirani ndiye atakayenishikia zamu.

Nimefikia kwa dada yangu. Ni mkubwa wangu, mjane, fundi cherehani, na shule zinakaribia kufunguliwa, kwa hiyo sebule yote ni sare: mashati kwenye viti, sketi kwenye mlango, kola zimepangwa juu ya redio. Nimepewa chumba cha nyuma nilale na majora ya vitambaa. Dada mbele za watu ananiita Padre. Tukiwa wawili ananiita "wewe". Akiniita Padre tukiwa wawili, najua nimekosea jambo.

Kanisa la leo ni hili la jirani, linalotazamana na stendi ya mabasi. Nikakaa benchi la nyuma nikiwa na shati la mistari, nikijiona mpelelezi. Padre akasema "Bwana awe nanyi", nami, bila kujua, nikasema naye, kwa sauti, na mikono nimeifungua. Mama aliyekaa kando yangu, mwenye mwavuli mkubwa wa kutosha ukoo mzima, alinitazama juu mpaka chini. Nikanyamaza. Lakini mdomo haukunyamaza. Sala ya Ekaristi yote ilikuwa inanitoka chini chini, kabla padre hajaifikia. Misa ilipoisha huyo mama alinipa vidonge vyangu. Alisema yeye huja kusali na hana haja ya mapadre wawili, mmoja mbele na mmoja sikioni mwake. Nikaomba radhi. Akaniuliza kama niliwahi kufukuzwa seminari.

Jumanne, tarehe 4

Mvua. Kapela ya masista. Nimelala usingizi kwenye mahubiri, na sista mmoja akanigusa bega kwa upole wa kuudhi.

Jumatano, tarehe 5

Mvua haijakatika tangu jana. Kanisa la leo lina paa linalovuja juu ya kwaya, wameweka ndoo, na matone yanapiga mdundo ambao mpiga kinanda hawezi kuufuata.

Dada ananichosha. Asubuhi, kikombe cha chai hakijafika mdomoni, anauliza mwalimu wetu wa darasa la kwanza alikuwa na upara au hana. Nikamjibu. Jioni, sindano mdomoni, anauliza mjomba alihama mwaka gani, kabla au baada ya mimi kupata upadrisho. Nikamjibu. Nilipokuwa nanawa mikono akaniuliza leo tumekula nini mchana. Nilimwambia kama amesahau anachopika mwenyewe basi na apumzike kushona. Hakucheka. Nimemwona tu akiuma uzi na kunitazama kwa pembeni.

Nadhani uzee unampa hamu ya kukumbuka zamani. Ila mimi huku najikumbusha sala za altareni nikiwa bafuni, sina nafasi ya upara wa mwalimu.

Alhamisi, tarehe 6

Leo nimekwenda kuungama, kwenye kanisa la zamani la katikati ya mji, lenye ngazi nyingi na njiwa wasio na adabu. Kwenye kitubio alikuwamo padre mzee sana, sikio moja halisikii, ikabidi nihamie upande wa pili. Siri ya kitubio inamfunga yeye, hainifungi mimi, kwa hiyo naandika.

Nikamwambia yote: mageuzo, kikombe, baba, na nia yangu kwa Askofu. Nilitegemea anipe pole. Akaniuliza Jumapili ile nilikuwa na Misa ngapi. Nikasema nne. Na Jumamosi? Mbili na mazishi. Na Jumapili nilikula saa ngapi? Nikafikiri. Nikasema usiku.

Akanisogezea sikio lake zima. Kisha akaniuliza kama nikiwa kwenye Misa ya tatu huwa najua niliyoyasema ni ya Misa hii au ya ile iliyopita. Nilihisi mtu amenishika kwa ukosi. Ndivyo hasa inavyokuwa! Nafika "Mtakatifu", kichwa kinaniambia mageuzo umeshafanya, na ni kweli nimeshafanya, saa moja iliyopita, kigango kingine, kwa watu wengine. Maneno ni yale yale, kanzu ile ile, hata nyimbo wanaazimana.

"Mwanangu," akasema, "wewe huna ugonjwa, una ratiba."

Akanikumbusha kwamba sheria ya Kanisa inaruhusu Misa moja kwa siku, mbili kwa ruhusa, na Jumapili shida ikizidi, tatu. Nne hairuhusiwi kwa yeyote. Akauliza ni nani aliyenipa ya nne. Nikasema wazee wa kigango kile waliniomba, nikaona haya kukataa. Kumbe dhambi yangu ni kuona haya tu, akasema, na malipizi akanipa ya ajabu: nikae kanisani nisisali chochote mpaka nichoke kukaa. Nilikaa. Njiwa mmoja aliingia akatoka.

Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi kidogo. Kidogo tu. Yule mzee hakumwona baba yangu. Hata kwa baba tulisema ni uchovu, mwaka mzima tulisema hivyo.

Ijumaa, tarehe 7

Barabara ya kwenda mtaa wa chini imekatika. Nimesali Njia ya Msalaba na vikongwe, mimi ndiye kijana kati yao.

Jumamosi, tarehe 8

Leo tumegombana mimi na dada, na nimeelewa jambo ambalo mtoto mdogo angelielewa siku ya kwanza.

Alikuwa anapiga pasi kola. Akauliza, hivi hivi kama mtu anayejiongelesha, mlango wa nyumba ya baba ulikuwa rangi gani. Nikasema bluu. Akaweka pasi chini. Akasema kijani. Nikasema bluu, nilikuwa nauparamia kila siku. Akasema kijani, tena sauti yake ilikuwa imepanda, na macho yamemtoka, si kwa hasira. Ndipo nikaona. Upara wa mwalimu, mjomba, chakula cha mchana: haya hayakuwa maongezi. Dada alikuwa ananipima.

Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema hakuna wa kumwambia, amenisikia mwenyewe bafuni nikirudia rudia sala kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na baba alikuwa hivyo hivyo na namba zake za masanduku. Nikamwambia habari ya mageuzo. Alikaa kwenye rundo la sketi alizozinyoosha muda si mrefu, akazitia mikunjo zote, hakujali.

Tukabaki na mlango. Kila mmoja wetu alijua kwamba mmoja wetu amesahau, na tukawa hatutazamani. Nikasema basi tumpigie shangazi, ndiye pekee aliyebaki anayeijua ile nyumba. Dada hakutaka. Nikampigia, nikaweka sauti ya nje, tukaiinamia simu wote wawili kwenye meza ya kukatia. Shangazi ana miaka mingi lakini ulimi bado ni wembe. Nikamuuliza rangi ya mlango. Akauliza mlango upi. Nikamwambia.

"Ule mlango haukuwahi kupakwa rangi," akasema. "Baba yenu alikuwa bahili. Mmenipigia kwa hilo tu?"

Jamani. Tulicheka mpaka dada akashika ubavu. Shangazi alikuwa bado anauliza tunacheka nini, mara akakata simu kwa hasira. Tukicheka vile nikasahau hofu, nadhani na yeye alisahau. Kisha akafuta macho kwa kola ya mtoto wa watu na kuniambia nisijidanganye, Jumatatu tunakwenda kwa daktari.

Jumapili, tarehe 9

Misa moja. Moja tu! Nilikaa benchini nikasikiliza masomo yote matatu na nikayakumbuka mpaka mlangoni. Nikala mchana, mchana wenyewe. Baadaye nikawa sijui nifanye nini na siku iliyobaki, nikalala kati ya majora mpaka jua linazama. Dada alichungulia mara kadhaa, anasema alikuwa anatafuta uzi mweupe.

Jumatatu, tarehe 10

Daktari ni mwanamke mwenye sauti ya chini na saa kubwa ya mkononi. Dada alitaka kuingia na mimi, daktari akamwomba abaki nje, na nikamsikia dada akimwambia nesi kwamba mimi nadanganya nikiulizwa kama nimelala vizuri.

Niliulizwa leo ni siku gani. Nikasema ni Jumatatu ya juma la kumi la Mwaka wa Kanisa, rangi ya kanzu kijani. Daktari akasema anataka tarehe tu. Nikachora saa, nikachora mchemraba wangu uliopinda, nikapunguza saba saba kutoka mia mpaka akaniambia inatosha. Akanipa maneno matano niyashike, akanizungusha na maswali mengine, halafu akayadai. Nilitoa manne. La tano likanipiga chenga. Nikakaa pale natafuta, natafuta, na nilikuwa namwona baba akiwa kwenye kiti kile kile cha hospitali, akitabasamu kwa heshima kwa sababu hana jibu. Daktari akasema tuendelee. Tulipofika mlangoni nikageuka nikapaza sauti, "Ndoo!" Nesi akaruka.

Wamenitoa damu, wamenipiga picha ya kichwa. Majibu ni Ijumaa. Nilimuuliza daktari anaonaje, akasema anaona tusubiri Ijumaa. Dada njiani alinishikia mwavuli yeye akiloa upande mmoja.

Jumanne, tarehe 11

Mvua. Sikwenda popote isipokuwa kanisani. Nimekumbuka "ndoo" mchana kutwa, kama itanisaidia.

Jumatano, tarehe 12

Acha niandike taratibu.

Ratiba ya Askofu ilitaka leo niende kanisa la ng'ambo ya mto, lakini mto umefunika daraja. Nikaenda hili la stendi ya mabasi, Misa ya jioni. Watu walikuwa wengi, wengine nadhani wameingia kukwepa mvua. Yule mama wa mwavuli alikuwapo, akaniachia nafasi benchini kwa shingo upande.

Saa ya Misa ikapita. Kwaya wakaimba wimbo wa kuingia, wakaumaliza, wakauimba tena. Mtunza sakristia, kile chumba cha mavazi ya Misa, akatoka, akatazama saa ya ukutani, akarudi ndani. Akatoka tena, akatutangazia kwamba paroko amekwama ng'ambo ya daraja, amepiga simu, hawezi kufika. Akatuomba tusali rozari kisha twende nyumbani. Mbele yangu kulikuwa na familia iliyovaa nguo nyeusi. Nilisikia wanaulizana, Misa ilikuwa ya kumwombea mama yao, na watoto wake wengine wamesafiri kutwa nzima kwenye mvua ile. Binti mmoja akaanza kulia, hata hajitahidi kujificha.

Nilikaa. Nakiri nilitazama viatu vyangu. Nilijiambia Askofu amekataza, nami ni mtiifu. Nilijiambia sina kanzu. Nilijiambia kila kitu isipokuwa ukweli, kwamba majibu yangu ni Ijumaa na niliogopa kusimama pale mbele nikasahau, safari hii bila katekista wa kuninong'oneza.

Mama wa mwavuli akanigusa kwa kiwiko.

"Wewe unayejua yote," akasema, "umekaa tu?"

Hakujua mimi ni padre. Nadhani alinidhania mwanafunzi wa seminari aliyeshindwa, kama alivyosema siku ile, na alitaka niende niwaongozee watu walau masomo. Nikamwambia, "Mama, mimi ni padre." Akanitazama shati la mistari. Akasema, "Basi ndiyo mbaya zaidi."

Nikasimama. Kule sakristia nikaonyesha kitambulisho changu, mtunza sakristia akampigia paroko, paroko akapiga kelele za furaha kwenye simu mpaka nikazisikia mimi. Kanzu ya paroko ni ya mtu mfupi. Ilinifika magotini na suruali yangu yenye matope ikaonekana yote. Nikatoka hivyo hivyo.

Nikafanya ishara ya msalaba. Sikuwa nimetoka kwenye Misa nyingine, wala hakukuwa na nyingine ya kukimbilia. Nilikuwa nimesahau hali hiyo. Nikasema "Tuombe", nikanyamaza, na nikatambua kwamba nina miaka sijanyamaza mahali pale. Nilikuwa naunganisha tu, "Tuombe Ee Mungu", ili nipate dakika ya kuwahi matope. Watu nao wakanyamaza. Mvua ikasikika juu ya bati.

Sala ya Ekaristi niliisoma kwenye kitabu, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa darasa la kwanza, lakini sikuwa nakihitaji kidole. Kila neno lilikuja wakati wake. Nikachukua mkate, nikasema maneno, nikauinua. Nikachukua kikombe, nikasema maneno, nikakiinua. Mara moja. Nilijua nimeshasema, na nilijua nimesema hapa, kwa ajili ya hawa, na marehemu mama wa hawa. Machozi yakanitoka, wale wafiwa wakadhani namlilia mama yao, na huenda nilikuwa namlilia pia.

Mlangoni binti yule alinishika mikono yote miwili. Mama wa mwavuli alikuwa nyuma yake. Alisema Misa imekuwa nzuri, ila kanzu hiyo niirudishe ilikotoka.

Alhamisi, tarehe 13

Nilidhani baada ya jana nitalala. Wapi. Siku moja njema hata baba alikuwa nazo. Kuna Krismasi alitutajia masanduku yote, moja baada ya jingine, tukashangilia, na kesho yake akapotea njia ya kwenda sokoni. Dada ameshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, amefumua, ameshona tena hivyo hivyo.

Ijumaa, tarehe 14

Safi.

Daktari alisema hivyo kwanza kabla hata hatujakaa, Mungu ambariki. Picha ya kichwa safi. Damu ina upungufu kidogo, dawa zipo. Akasema neno moja kati ya matano hata yeye lingemtoka, na kwamba mtu anayefanya jambo lile lile mara nne kwa siku bila kula, halafu akashindwa kujua yupo kwenye lipi, huyo ubongo wake unafanya kazi kama unavyotakiwa, unalalamika. Akaandika kwenye karatasi "mapumziko" kama vile ni dawa, mara mbili chini akapiga mstari. Akasema nirudi mwakani animulike tena, kwa tahadhari tu.

Dada alimshukuru, akamsalimu nesi, akatembea vizuri mpaka nyumbani. Akafungua mlango, akakaa kwenye cherehani, akaweka kichwa juu ya meza, akalia. Sijamwona akilia hivyo hata msibani. Nikasimama na mwavuli unaodondosha maji sakafuni. Nikamwambia, dada, si tumeambiwa safi?

Akasema ndiyo maana analia. Kisha akayasema, bila kuinua kichwa, na nayaandika kama alivyoyasema.

"Mimi nilimuogesha baba miaka yote ile. Wewe ulikuwa unakuja, unambariki, unaondoka. Tangu Jumatano ile nilipokusikia bafuni nilikuwa naomba usiku kucha. Sikuwa nakuombea wewe. Nilikuwa naomba nisirudie, maana sina nguvu tena, na ningekufanyia tu, kwa sababu huna mke wala mtoto. Nilikuwa nakuchukia kabla hujaugua. Basi na Mungu anisamehe."

Nilikuwa na maneno mengi ya kipadre, yote nikayameza. Nikavuta kiti cha sare, nikakaa kando yake, nikamwambia ana haki. Nikamwambia nilikuwa nakuja, nabariki, naondoka, kwa sababu niliogopa kumtazama baba, na yeye hakuwa na pa kukimbilia. Dada akasema anajua. Nilidhani huyu dada ni mtu mgumu, mtu wa kusuta na kupima, kumbe alikuwa amebeba mzigo wangu hata kabla haujathibitika kuwa ni mzigo. Baadaye akajipangusa, akaniamuru nipige deki maji ya mwavuli.

Jumamosi, tarehe 15

Mvua imekatika. Jua limetoka na mji mzima umeanika nguo.

Nimeonana na Askofu. Wiki mbili nilikuwa naandaa hotuba ya kuomba kuondolewa. Leo nilikuwa na ombi jingine, na amini usiamini, hili lilikuwa gumu zaidi. Alianza yeye. Amesikia kuna padre mmoja aliyevunja agizo lake akaadhimisha Misa stendi ya mabasi akiwa na kanzu ya nusu. Nikasema ni mimi. Akasema alijua, maana paroko wa pale amesifia mpaka amechosha.

Nikamwambia kuhusu mageuzo. Uso wake ukabadilika. Nikamwambia hofu yangu, daktari, majibu. Kisha nikasema, "Baba Askofu, siwezi Misa nne. Sijawahi kuweza. Nilikuwa naona haya kusema."

Akauliza nani alinipa nne. Ni swali lile lile la kitubio, na jibu ni lile lile. Akavua miwani, akasugua macho, akasema yeye kwenye makaratasi yake ameandika mbili, na kwamba alikuwa anajivuna mbele ya wenzake jinsi parokia yangu inavyojiendesha vizuri. Tukatazamana, wote tumeshikwa na aibu, halafu akaanza kucheka, nami nikacheka. Imeamuliwa: Misa mbili Jumapili, vigango vinapeana zamu, na pale nisipofika makatekista wataongoza Ibada ya Neno na kugawa Komunyo niliyowatayarishia. Wazee watanung'unika. Nikamwambia naogopa manung'uniko yao, akasema niwaambie ni yeye.

Nimerudi kwa dada kuchukua begi. Nikamkuta ameondoa sare zote mezani na kutandaza kitambaa cheupe, kizuri, kizito, ambacho kwa wiki mbili kilikuwa jora mojawapo nililolala nalo bila kukitambua. Akaniambia nisimame wima. Akachukua futi yake shingoni akaanza kunipima mabega.

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema ananishonea kanzu ya Misa. Kitambaa alikinunua mwaka jana, lakini mkasi ulikuwa unamgomea, na tangu nilipofika na sala zangu za bafuni ndiyo kabisa, hakuweza kukikata bila kujua kama nitakuja kuivaa. Alisema hayo akiwa nyuma yangu, anapima mgongo, nisimwone uso.

Akazunguka mbele, akapima urefu mpaka kwenye vifundo, akapiga magoti sakafuni na pini mdomoni. Akaniuliza aache upindo mdogo au mkubwa, maana sasa nitakuwa nakula mchana na nitanenepa.

"Acha mkubwa," nikamwambia. "Nataka nizeeke nayo."

Alikunja kitambaa, akapima, akakunja tena zaidi, akaanza kuweka pini.